Wa Kuoka Simuoni

Faili yangu ni ya rangi ya waridi,
imekwisha pembe kwa kutiwa kwapani.
Ndani: cheti cha kuzaliwa, Amu, mtaa wa Langoni,
matokeo ya kidato cha nne,
kitambulisho cha baba, nakala tatu,
na barua ya chuo, kutoka Eldoret,
inayoniita kwa jina langu lote,
Somoe Lali Famau,
nikasomee upimaji wa ardhi.
Barua ina adabu. Chini, kwa herufi ndogo,
ina bei.

Dirisha la basari, Malindi, Jumatatu.
Karani ana chai na mahamri mawili,
afungua faili kwa kidole kisicho na mafuta.
"Umezaliwa Lamu."
Nimezaliwa Lamu, nikaja na miaka minane
baba alipopata kazi ya tanuri kule Barani.
Nimesoma hapa, nimeugua malaria ya hapa,
na hayo mahamri, bwana,
huenda baba ndiye aliyeyakanda.
"Fedha hizi ni za wana wa Kilifi.
Nenda kwenu."

Nikaenda kwetu,
kwa nauli ya kukopa kwa shangazi Mwanakombo.
Basi mpaka Mokowe, ukaguzi mara nne,
kila askari akitaka kujua mimi ni nani
na hakuna aliyeuliza nimefaulu vipi.
Amu, dirisha jingine. Karani huyu hana mahamri, ana feni.
"Umesoma Malindi. Baba yako hupiga kura Malindi.
Lete barua ya chifu."
Chifu alinijua kwa bibi yangu.
Alicheka, akatafuta muhuri kwenye mtoto wa meza,
wino umekauka, akautia mate,
ikatoka alama ya zambarau
kama mahali palipovilia damu.
Bibi akaipima faili kwa mkono:
"Karatasi zote hizi! Na kitwa chako
hawakukipima?"

Wiki ya pili wakajibu: muhuri hausomeki.

Nyuma ya jibu lao, ndani ya basi la kurudi, niliandika:

*Amu wanambia nenda, Malindi wasema rudi,*
*Guu moja linaenda, la pili halina budi,*
*Kama unga wanikanda, wanavuta kwa juhudi,*
*Wa kuoka simuoni, nauliza yuko wapi?*

Halafu kuna wakfu mmoja, wa mbali,
fomu yake hujazwa kwenye kompyuta,
haiulizi kaunti. Inauliza:
*Eleza ugumu wa maisha yako. Maneno mia tatu.*
Ngumbao, mwenye duka la kompyuta,
ameshawajazia wengi, anajua njia zake.
"Muue mzee," akaninong'oneza. "Yatima hupata."
Mzee ambaye saa ile alikuwa nyumbani amelala,
unga kwenye nyusi, mdomo wazi,
redio ikimsomea habari za bei ya ngano.

Nikaandika: *Baba yangu yu hai.*
Nikaandika tanuri, na saa tisa za usiku,
na madirisha mawili, na mate ya chifu.
Yakafika maneno mia mbili na kumi na mbili.
Ugumu wangu haukufika mia tatu,
sikujua niuongeze kwa nini.
Ngumbao akasoma, akatikisa kichwa,
akatuma,
akazikataa shilingi zangu hamsini.

Chuo kinafunguliwa Jumatatu ya mwisho ya Agosti.
Jibu bado.

Jana alfajiri nilimpelekea baba chai kazini.
Meza imetapakaa unga. Nikachora kwa kidole:
hapa Malindi, pale Amu,
katikati Tana yote imejilaza.
Nikamwuliza mpaka uko wapi,
yeye aliyeuvuka na mimi mgongoni, usingizini.
Akautazama mchoro kitambo,
akaupangusa kwa kiwiko.
"Nipishe," akasema. "Nataka meza."